Mlango wa Saa Sita na Nusu

Kwa miaka kumi na minne nilikula chakula cha mchana nikiwa nimesimama. Duka la miwani la mjomba wangu lilikuwa na pazia nyuma ya kaunta, na nyuma ya pazia kulikuwa na masanduku ya fremu yaliyopangwa hadi usawa wa kifua changu. Sahani yangu niliiweka juu ya sanduku la mwisho. Nilitia tonge mdomoni huku sikio liko mlangoni. Kengele ikilia, nilimeza bila kutafuna, nikapangusa midomo kwa kiganja, nikatoka na tabasamu. Mjomba alinifundisha kupima macho, kukata lenzi na kukaza skrubu ndogo kama punje ya mchanga, lakini somo lake kubwa lilikuwa moja: "Mteja hangoji mtu amalize kutafuna."

Sikuona ubaya wowote. Nilijiona fundi kweli kweli.

Kisha mume wangu akapata kazi ya kufunga pampu za maji katika nchi ya mbali, nami nikamfuata na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Miezi saba nilijifunza lugha ya wenyeji mpaka ulimi ukaota sugu. Mwezi wa nane nikaajiriwa katika duka la miwani lililokuwa kwenye kona, kati ya dobi na muuza vifungo.

Tulikuwa wanne. Mwenye duka, mama mrefu wa makamo ambaye moyoni nilimwita Bosi ingawa yeye alitaka tumwite kwa jina. Mzee wa Mashine, aliyekata lenzi chumba cha nyuma na kusema maneno kumi kwa siku, sita yakiwa ya kuulizia chai. Dada wa kaunta, msichana mwembamba aliyepokea wateja na kuandika miadi. Na mimi.

Siku ya kwanza, saa sita na nusu ilipogonga, Bosi alizungusha ufunguo mlangoni, akageuza kibao kilichoandikwa TUMEFUNGA, akaenda chumba cha nyuma ambako meza ilikuwa imeshatandikwa. Dada wa kaunta alivaa koti akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Nilibaki nimeduwaa katikati ya duka, kwa sababu nje ya kioo alikuwa amesimama mwanamke mwenye kikapu. Alibisha kwa ncha ya kidole. Bosi alichungulia, akatikisa kichwa, akakinyoshea kibao kidole, akarudi kwenye kiti chake.

"Mbona hukai?" akaniuliza.

"Kuna mteja nje."

"Nimemwona."

"Anatutazama."

"Na sisi tunamtazama. Kaa, mama, chakula kinapoa."

Nilikaa, lakini macho yangu yalibaki kwenye kioo. Aibu niliyoisikia ni kama vile nimekutwa nikila mwezi wa mfungo. Saa nzima! Mzee wa Mashine alikula polepole, akamenya tunda, akalala dakika kumi na tano palepale mezani, mikono imekunjwa kifuani, kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia.

Jumamosi watu wa kwetu walikuwa wakikutana nyumbani kwa shemeji yangu, kaka yake mume wangu, na hapo ndipo tulipotoa dukuduku. Hakuna aliyekosa kisa.

"Mimi nimefika posta," akasema mke wa shemeji, "nimebaki wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza! Karani akaweka kibao, akatoa chungwa. Akalimenya mbele yangu, taratibu, kama anafungua barua ya mchumba."

"Ulifanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilimwangalia akila. Hata kipande hakunikaribisha."

Tulicheka mpaka machozi. Shemeji akasema huku mteja ni mkosaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mmoja wetu tu hakucheka, mwanamama aliyekuwa muuguzi kwetu na sasa ni muuguzi huku.

"Kwetu nilifanya kazi miaka tisa bila kula mchana," akasema. "Nikaondoka na vidonda vya tumbo. Sijawahi kuona mgonjwa aliyepona haraka eti kwa sababu mimi nina njaa."

"Wewe umeshakuwa mwenyeji," tukamwambia, na mazungumzo yakaendelea.

Mwezi wa pili kazini, nikiwa ninanawa mikono saa ya chakula, niliona kupitia kioo mzee mmoja akipapasa ukuta wa dobi. Aliufuata ukuta kwa viganja mpaka akafika mlangoni kwetu. Mkononi alikuwa na miwani iliyokatika mkono mmoja. Hakukisoma kibao, angekisoma kwa macho gani? Alisukuma mlango, ukagoma, akausukuma tena.

Nilifungua. Nilimkalisha, nikatafuta skrubu inayolingana, nikarudishia mkono wa miwani, nikazifuta lenzi. Dakika nane. Alipoivaa alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaniambia ana umri wa miaka themanini na mmoja na hajawahi kufunguliwa mlango saa hiyo, katika duka lolote la mji ule.

Nilirudi mezani nikitembea kama bibi harusi. Mzee wa Mashine alikuwa amelala. Bosi alisema tu, "Chakula chako kimepoa."

Basi mzee yule alikuwa na mdomo. Kesho yake walikuja wawili saa ya chakula. Keshokutwa wanne. Wengine hawakuwa na dharura yoyote. Walisikia tu kwamba kuna mama mgeni anayefungua. Niliwafungulia wote. Nilirudia maisha yangu ya zamani, tonge mkononi na sikio mlangoni, na nasema kweli, nilifurahi. Nilijihisi nina kitu cha kuwafundisha wenyeji hawa. Tenda wema nenda zako, nilijiambia, ingawa sikuwa nimekwenda popote. Nilikuwa palepale nikingoja kusifiwa.

Sifa zikaja. Baada ya wiki tatu Bosi alituita asubuhi akasema kuanzia Jumatatu duka halitafungwa mchana. Tutakula kwa zamu.

"Mama huyu ametuonyesha kwamba wateja wapo," akasema. Mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu wa uongo. Akampangia kila mtu saa yake. "Wewe," akamwambia dada wa kaunta, "lazima uwepo watu wanapoingia. Utakula saa saba na nusu."

Dada wa kaunta aliitazama saa ya ukutani. Akaitikia kwa kichwa.

Usiku ule nilimpigia mjomba simu. Alicheka kwa furaha akasema, "Unaona? Wape somo!"

Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita. Dada wa kaunta alianza kukosea. Aliandika miadi ya watu wawili kwa saa ileile, akampa mteja kifuko cha mwenzake. Kila ikifika saa sita na nusu jicho lake halikutoka kwenye saa ya ukutani. Nikadhani ni kiburi kinamsumbua. Toka siku ya kwanza nilikuwa nimemhukumu: msichana anayetoka kwa mlango wa nyuma kila mchana bila kuaga, asiyetaka kuketi meza moja na sisi. Sasa amelazimishwa kukaa na watu, nikasema moyoni, ndiyo maana ana uchungu.

Alhamisi, kama saa saba kasorobo, simu yake ilitetemeka juu ya kaunta. Alikuwa na mteja mbele yake, hakuipokea. Ikatetemeka tena. Niliona mikono yake ikishindwa kufunga kifuko kidogo cha zipu. Nilimaliza kazi yake, nikamvuta nyuma karibu na sinki.

"Dada, una nini?"

"Hakuna."

"Umeshindwa kufunga kifuko."

Alitazama bomba la maji. "Mama yangu hajala tangu Jumatatu," akasema.

Nikamwomba arudie, nikidhani lugha imenipiga chenga. Akarudia, polepole, kama unavyomsemesha mtoto. Mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee, mitaa miwili nyuma ya duka letu. Akili imemtoka. Chakula kinaletwa saa sita na nusu, na saa saba na nusu sahani zinakusanywa. Mama hafungui mdomo kwa wauguzi. Akiona kijiko cha mtu mwingine huuma meno. Hufungua kwa binti yake tu.

"Miaka miwili namlisha," akasema. "Kila siku. Jioni huwa tayari amelala. Wamenipigia kusema sasa watamwekea mpira wa kulishia puani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini ninakokwenda?"

 Miezi mitatu ndani ya duka moja nilikuwa nimewauliza wateja habari za wajukuu wao, magoti yao, hata mbwa wao. Yeye sikuwahi kumuuliza.

"Na Bosi je, kwa nini hukumwambia?"

"Bosi anadhani nilikuwa nakwenda kula kwangu. Ningemwambia nini? Kwamba mteja asubiri kwa sababu ya kijiko cha mama yangu?"

Maneno yale yalinichoma, maana niliyajua. Yalikuwa ya mjomba, yamebadili sauti tu.

"Nenda," nikamwambia. "Bado kuna dakika arobaini. Nenda sasa hivi."

"Na wateja?"

"Wateja ni wangu. Mimi ndiye niliyewaleta."

Alitoka bila hata koti. Niliwahudumia watu watatu peke yangu, kisha nikaenda ofisini kwa Bosi, nikapiga moyo konde, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu hewani.

"Wewe ndiye uliyefungua ule mlango," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo. Na sasa naomba tuufunge."

"Wateja wameongezeka, unajua?"

"Najua."

Kutoka chumba cha mashine ikaja sauti ambayo kwa kweli nilikuwa nimeisahau. "Na mimi nakula peke yangu kama mfungwa," akasema Mzee wa Mashine. Alikuja akasimama mlangoni, aproni imejaa vumbi la lenzi. "Ishirini na mbili. Miaka ishirini na mbili tumekula pamoja kwenye meza ile. Siku nne hizi sijui hata nimekula nini."

Hayo yalikuwa maneno ya zaidi ya siku mbili kwake, na aliyasema yote mara moja.

Bosi akaweka kalamu chini. Akasema kama angejua habari za mama yule asingepanga zamu, na sauti yake ilikuwa na hasira, nadhani zaidi dhidi yake mwenyewe. Tutafunga kama zamani.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nina damu ya mjomba.

"Tufunge," nikasema, "ila tusiwanyoshee watu kidole kwenye kioo. Si ng'ombe wale. Mtu akija, mmoja atoke amwambie kwa mdomo: samahani, tunakula, tutakuona saa saba na nusu."

"Hiyo ni dakika moja ya chakula cha mtu."

"Ni yangu. Naitoa mimi."

Bosi alinitazama. "Na akiwa kama yule mzee wako, asiyeona njia ya kurudi kwao?"

"Huyo aingie akae kwenye kochi. Atangoja, lakini angoje ameketi."

Alifikiri, akasema sawa.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya. Wako waliokasirika; mama mmoja aliniambia usoni kwamba mwanzoni nilikuwa mwema na sasa wenzangu wameniharibu. Maneno yake yaliniuma, kwa sababu nusu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Wengine walizoea. Yule mzee wa miaka themanini na mmoja alikuwa akija makusudi saa sita na nusu, miwani yake mizima kabisa, anakaa kwenye kochi na mkate wake, anakula tunapokula.

Jumamosi nilipowasimulia watu wa kwetu, shemeji alipiga makofi. "Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho!"

"Mimi ni fundi wa miwani," nikamjibu. "Nikifumba jicho nitakula nini?"

Muuguzi ndiye aliyecheka zaidi. Mjomba naye nilimweleza kwenye simu, kwa uangalifu. 

"Na duka halijaanguka?"

"Halijaanguka, mjomba."

"Mh," akasema. Mpaka leo sijui ile "mh" ilikuwa na nini ndani yake.

Mama wa dada wa kaunta hakuwekewa mpira. Alikula kwa mkono wa bintiye miezi mitano zaidi. Mara mbili nilifuatana na dada; mama alikuwa mdogo kama mtoto kitandani, akinitazama kwa mashaka huku akifungua mdomo kwa mwanawe kama kifaranga. Dada alimsimulia habari za dukani, nani kanunua fremu nyekundu, nani kaikalia miwani yake. Sijui kama alisikia. Alikula.

Alifariki asubuhi moja ya mvua. Dada wa kaunta alipumzika siku kumi. Siku aliyorudi alifanya kazi vizuri, hakukosea miadi hata moja. Saa sita na nusu Bosi akazungusha ufunguo, sisi tukaenda mezani, na dada akavaa koti lake akaelekea mlango wa nyuma kama kawaida. Akashika kitasa. Akasimama pale.

 Mzee wa Mashine aliinuka, akaleta kiti kutoka dukani, kile cha wateja, akakiweka kati yangu na yeye. Bosi akatoa sahani.

Dada alivua koti, akalitundika, akaja akaketi. Nikamgawia chakula changu nusu.