Kibao cha Mteremko wa Tatu

Sebagabo alikuwa mwandika vibao. Kwa miaka kumi na tisa karakana yake ya mabati pale Nengo ilikuwa imetoa majina ya saluni, maduka ya dawa, makanisa na shule, na mtu akikatiza katikati ya mji wa Gisenyi alisoma maneno yake bila kujua ni nani aliyeyaandika. Alizaliwa Masisi, upande wa Goma, akavuka mpaka akiwa kijana, na Kiswahili chake kilibaki kile cha ng'ambo, chenye mutu kwa mtu, banajua kwa wanajua, njo kwa ndiyo na papa kwa baba.

Mwezi wa pili alitembelewa na Rugwiro, meneja wa uwanja wa kuteleza uliokuwa unajengwa Bugeshi, kule juu chini ya volkano. Mahali hapo zamani palilimwa viazi. Sasa majani yalikuwa yamekatwa mafupi kama zulia, na wageni wangevaa viatu virefu vyenye magurudumu madogo, washuke mteremko jinsi watu wa Ulaya wanavyoshuka kwenye theluji, halafu kamba ya mashine iwavute tena juu. Rugwiro alikulia Karagwe, Tanzania. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mkononi alikuwa na kijitabu.

"Haya ni masharti ya wenzetu wenye viwanja vya theluji," alisema. "Watu wa bima wametuambia tuyafuate, la sivyo hatufungui. Kila mteremko uwe na kibao pale juu, mtu anaposimama kabla hajaanza kushuka. Duara la kijani ni mteremko mwepesi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni mgumu. Na mteremko ukiwa na hitilafu unafungwa, na kibao kinasema umefungwa."

"Mutu anayeteleza iko na mbio," Sebagabo alisema. "Herufi zitakuwa kubwa namna gani?"

Rugwiro alifungua kijitabu, akatafuta, hakuona. "Wewe ndiye fundi, mzee."

Swali hilo lilimkaa Sebagabo kichwani. Aliegemeza kibao cha kwanza ukutani, akaenda mwisho wa uchochoro, akarudi akikimbia huku akisoma kwa sauti. Majirani walicheka. Alifuta herufi, akaandika kubwa zaidi, akakimbia tena. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na goti moja lilikuwa bovu. Alipomaliza, vibao vilikuwa kumi na kimoja, kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kiswahili, na alipanda mwenyewe Bugeshi kuvisimamisha. Jioni hiyo alimwambia mkewe, Mukantwari, kwamba maisha yake yote ameandika majina ya biashara, na leo ndiyo mara ya kwanza ameandika kitu cha kumlinda mtu.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa nyingi. Jumatano moja Rugwiro alirudi Nengo, viatu vyake vimejaa matope meusi.

"Maji yamechimba mtaro kwenye mteremko wa tatu," alisema. "Ule wa almasi nyeusi. Umekatiza katikati, na ukiwa juu huuoni, kwa sababu ardhi imejikunja hapo. Nahitaji kibao cha kufunga."

"Nitaandika: Umefungwa, hatari, kuna mtaro mbele."

"Andika hivyo."

Sebagabo alipaka bati rangi nyeupe siku hiyohiyo. Alhamisi asubuhi Rugwiro alipiga simu akasema asubiri kwanza, mwenye uwanja hapendi neno hatari, linatisha wageni. Siku ikapita. Ijumaa mchana alipiga tena. "Andika: Mteremko umefungwa kwa matengenezo. Basi."

"Chef, mukubwa wangu, na mtaro? Mutu akijua sababu njo anaheshimu."

"Mzee, andika hivyo ulivyoambiwa."

Akaandika. Lakini Ijumaa hiyo mvua ilinyesha kutwa, upepo wa ziwa ukawa na maji ndani yake, na saa kumi na moja rangi ilikuwa bado inanata kidoleni. Alimpigia Rugwiro.

"Rangi haiyakauka. Mukitaka, naleta vile iko."

"Hapana, itachafuka. Lete Jumatatu."

"Na kesho? Kesho iko Jumamosi, watu ni wengi."

"Tutamweka mtu pale juu awazuie. Usijali."

Sebagabo aliikata simu. Baadaye, alipokuwa akiyarudia mambo haya yote mbele ya watu mbalimbali, hapo ndipo sauti yake ilipokuwa inashuka. Angeweza kuwasha jiko la mkaa akakiweka kibao karibu. Angeweza kukipeleka hivyohivyo. Lakini alikuwa ameambiwa Jumatatu, na goti lilimuuma, na akaenda nyumbani kula.

Jumamosi, saa tano asubuhi, Rugwiro alipiga simu. "Kilete kibao sasa hivi. Hata kama hakijakauka. Chukua pikipiki, njoo haraka."

Sebagabo alifurahi. Alidhani mtu amezinduka. Alimwita dereva wa kwanza aliyepita na pikipiki, akakishika kibao kwa mikono miwili kukikinga na matope, na njia nzima ya kupanda alikuwa akimwambia dereva apunguze mwendo kwenye mashimo.

Uwanja ulikuwa kimya. Kamba ya mashine ilikuwa imesimama. Wageni wachache walikaa kwenye benchi, viatu virefu vimewekwa pembeni, hakuna aliyekuwa akiongea. Sebagabo aliona, akafikiri ni ukungu, maana ukungu wa Bugeshi ukishuka watu husubiri. Rugwiro alimpokea kibao, wakapanda pamoja hadi kichwani mwa mteremko wa tatu. Hapakuwa na mtu wa kuzuia wala kamba. Sebagabo alichimba shimo, akasimamisha kibao na nguzo yake, akakanyaga udongo. Rugwiro alitoa karatasi kwenye faili.

"Tia saini hapa kwamba umekabidhi."

Miwani ilikuwa imebaki Nengo. Alitia saini pale kidole cha Rugwiro kilipoonyesha.

Kisha mfanyakazi mmoja alikuja na fungu la majani makavu akayatandaza kuzunguka nguzo, juu ya udongo mbichi, akayakanyaga kwa kisigino, akaongeza mengine mpaka udongo usionekane. Rugwiro alirudi nyuma hatua chache, akapiga picha kwa simu. Akasogea kushoto, akapiga nyingine.

Sebagabo alitazama majani yale. Hakuelewa mara moja. Halafu ukungu ulifunguka kidogo, akaona kule chini, kando ya mtaro, kiatu kimoja kirefu kimelala ubavu, magurudumu yakitazama juu.

Alishuka hadi kwenye kibanda cha kuazimisha viatu. Mwanamke aliyefanya kazi humo, Illuminée, alikuwa anamfahamu tangu ile siku ya vibao kumi na kimoja.

"Kumetokea nini hapa?"

Illuminée aliendelea kupanga viatu kwenye rafu. "Mutu aliumia," alisema bila kugeuka. "Saa tatu. Mwalimu mumoja wa Kanama, alikuja na wenzake. Balimubeba na gari, alikuwa anasema hasikii miguu."

"Saa tatu?"

"Saa tatu, papa. Usiniulize tena, nakuomba."

Alipanda tena mlima. Rugwiro alikuwa bado amesimama pale juu.

"Uliniita hapa nikusaidie kudanganya?"

"Nilikuita ufanye kazi yako, mzee. Kibao kilitakiwa kiwe hapa. Sasa kipo."

Sebagabo alishika nguzo kwa mikono miwili. Udongo ulikuwa laini. Angevuta mara moja tu, ingetoka. Wafanyakazi watatu walikuwa wanamtazama, na mmoja alisogea. Alisimama hivyo kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Halafu aliachia, akashuka, rangi imemganda viganjani.

Mwalimu yule aliitwa Belise. Alikuwa na miaka ishirini na saba, akifundisha darasa la nne. Jumapili Sebagabo alimtafuta hospitalini, akaambiwa amehamishiwa Kigali usiku. Siku tisa baadaye alimpata mama yake, Mukabera, ambaye alikuwa amerudi kuchukua nguo. Mukabera naye aliishi Goma miaka mingi, na alipomsikia Sebagabo akiamkia kwa Kiswahili cha kule alimkaribisha kama ndugu.

"Mgongo," alisema. "Madaktari banasema tungojee. Tungojee nini, hawasemi." Alitoa simu. "Na ona picha yule meneja alinitumia. Anasema mutoto wangu alipita kibao. Belise! Huyu anayewakemea wanafunzi bakivuka barabara vibaya."

Katika picha kulikuwa na herufi zake mwenyewe, kubwa, safi, na majani makavu chini.

"Mama Belise," Sebagabo alisema, "hii kibao niliandika mimi. Na ile saa mutoto anaanguka, ilikuwa Nengo, kwenye meza yangu."

Alimweleza yote, pamoja na Ijumaa ile. Alitegemea kelele. Mukabera aliweka simu mapajani, akaifunika kwa kitenge.

"Donc, kumbe alikuwa anasema kweli," alisema mwishoni. "Nilianza kumugombeza, unajua? Pale kitandani. Nikamwambia, kwa nini hukusoma?"

Kisha akasema, "Enda useme hivyo kwa bakubwa."

Alikwenda. Tume ndogo ilikuwa imeundwa kuchunguza ajali, na mkaguzi wake aliitwa Cyiza, mtu mpole mwenye meza safi. Alimsikiliza Sebagabo mpaka mwisho, akaandika kurasa mbili. Halafu alifungua faili, akamgeuzia karatasi.

"Hii ni saini yako?"

Safari hii miwani ilikuwepo. Ilikuwa saini yake. Juu yake paliandikwa kwamba kibao kimekabidhiwa na kusimamishwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Tarehe si yangu," Sebagabo alisema. "Sikusoma."

"Mtu unayeishi kwa kuandika," Cyiza alisema, si kwa kejeli, kwa masikitiko tu, "ukatia saini bila kusoma?"

"Angalieni simu. Alinipigia Jumamosi saa tano."

"Alikupigia, ndiyo. Anasema alikuwa anakuita urekebishe nguzo iliyolegea."

"Muulizeni Illuminée."

"Tumemuuliza. Anasema siku ile alikuwa ndani ya kibanda, hakuona kitu." Cyiza alifunga faili. "Mzee, mimi sisemi unadanganya. Nipatie mtu mmoja tu. Nani alikuona ukikibeba, asiye mkeo wala jirani yako?"

Kulikuwa na dereva wa pikipiki. Kwa wiki tatu Sebagabo alisimama kila asubuhi kwenye vituo vya pikipiki, Nengo, sokoni, barabara ya mpakani, akiuliza nani alimpeleka Bugeshi Jumamosi ile mtu mwenye kibao. Hakukumbuka uso, kwa sababu njia nzima alikuwa akitazama rangi. Namba iliyoandikwa mgongoni mwa koti la dereva hakuisoma. Madereva walimsikiliza mwanzoni. Baadaye walianza kumwita "papa wa kibao", na wawili walijitolea kusema ni wao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipoulizwa walipitia wapi alikosea njia.

Mukantwari alimwambia aache. "Umesema. Umeandika. Unataka nini tena, ujichome?"

"Nataka bajue."

"Banajua," Mukantwari alisema. "Njo shida. Banajua."

Ripoti ilitoka mwezi wa saba. Ilisema kibao kilikuwepo mahali pake na mteja alikipita kwa hiari yake. Ilipendekeza uwanja uongeze kamba ya kuzuia. Watu wa bima walikataa kumlipa Belise fidia. Mtaro ulifukiwa, majani yakapandwa, mteremko wa tatu ukafunguliwa. Rugwiro alimtuma mtu Nengo na orodha ya vibao vipya sita. Sebagabo hakumjibu, na vibao viliandikwa na fundi mwingine wa mjini, kwa herufi ndogo.

Mwezi wa tisa Belise alirudishwa Kanama. Nyumba ya mama yake ilikuwa juu kidogo ya barabara kuu, katikati ya migomba, na kiti cha magurudumu hakikuweza kupanda ile njia, kwa hiyo alibebwa mgongoni na mjomba wake. Sebagabo alikwenda kumwona siku ya nne. Alimkuta uani, juani, shuka miguuni, akisahihisha madaftari ambayo walimu wenzake walimletea ili asikae bure.

"Karibu, papa," Belise alisema. "Mama ameniambia wewe ni nani."

Alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ameandaa maneno, lakini yote yalikuwa ya kuomba msamaha, na mbele ya shuka lile yalionekana madogo. Akayasema hivyohivyo. Belise alimsikiliza, kalamu nyekundu mkononi.

"Naomba nikuulize kitu," alisema. "Kiliandikwa kwa rangi gani?"

"Nyeusi juu ya nyeupe. Na mustari mwekundu pembeni."

Belise aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo ninavyokiona."

"Unakiona kwenye picha, binti yangu."

"Hapana. Ninakiona pale juu. Niko na Mwiza mwenzangu, tunacheka, ninafunga kiatu, ninainua kichwa, kinasema umefungwa. Halafu ninashuka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza somo. "Mwanzoni sikuwa nakiona. Nilikuwa naapa. Lakini wameniuliza mara nyingi sana, papa. Kila aliyekuja alikuwa na picha ile."

"Hakikuwepo. Nakuambia mimi mwenye kukiandika. Kilikuwa kwenye meza yangu, hakiyakauka."

"Ninajua unasema hivyo."

"Mwiza anasema nini?"

"Mwiza anasema hakumbuki vizuri. Hapendi tuongee habari hiyo."

Mukabera alileta chai, akaweka kikombe mkononi mwa mgeni na kingine kwenye ubao wa kiti. Basi dogo lilipita kule barabarani likipiga honi. Sebagabo alirudia tena, polepole, tangu Jumatano: mtaro, neno lililokataliwa, mvua, simu, majani makavu. Belise alimtazama mdomo kama mtoto anayejaribu kukariri. Alipofika mwisho aliuliza, "Na uliniona nikianguka?"

"Hapana. Nilikuwa Nengo."

"Basi," Belise alisema.

Alivuta daftari lingine, akaliweka juu ya shuka, akaanza kusahihisha. Sebagabo alikaa mpaka chai ikapoa. Kisha alimwambia Mukabera kwamba atarudi wiki ijayo amwambie Belise tena.