Pettibone Apunguza Mwendo

Mwizi wa kuku humjui mpaka uone manyoya. Mwizi wa nyimbo huja mwenyewe, amechana nywele, akakaa mstari wa mbele.

Wetu aliitwa Harlan Pettibone. Kila Jumapili mchana, tulipokuwa tunawapigia watu dansi kwenye uwanja wa chama chetu pale mtaani Treme, alikuja na mtu wake mwembamba mwenye penseli. Katika New Orleans ya enzi hizo, sisi watu weusi hatukuruhusiwa kukanyaga zulia la hoteli aliyopigia yeye na bendi yake. Lakini uwanja wetu kwake ulikuwa kama sebule ya mamake. "Endeleeni, vijana!" Vijana! Mimi nilikuwa na wajukuu. Ngoma kubwa niliipiga kwa hasira, watu wakadhani ni ufundi.

Nyimbo alizotuibia nazikumbuka moja moja, na nikizikwa mnizike nazo. Tunaupiga wimbo Jumapili, mwezi haujaisha unauzwa dukani umechapwa jina lake. Ukiupiga mwenyewe, unaambiwa, "Aa, mmeiga ule wa Bwana Pettibone. Si vibaya." Sisi tuliingia kwa mlango wa jikoni. Nyimbo zetu ziliingia kwa mlango wa mbele.

Aliyeumia zaidi ni Olidor Decuir, mpiga tarumbeta wetu. Mamake, Mama Zelie, alimlea kwa vitumbua. Alizunguka mitaani asubuhi, beseni kichwani, akivinadi kwa sauti ya kuimba, na sauti ile ndiyo iliyomnunulia mwanawe tarumbeta lake la kwanza. Sasa miguu ilikuwa imemvimba, kifua kinakoroma, kutoka kitandani ni shughuli. Olidor alikuwa ametunga wimbo kutokana na kunadi kule. Alitaka mama ausikie angali hai, uani kwake, bendi nzima, mchana kweupe. Lakini wimbo hauna kufuli. Ukipigwa Treme wote wanausikia, na Pettibone alikuwa na masikio ya popo.

"Mpigie chumbani, polepole," nikamshauri.

"Mama hakuwahi kunadi polepole, Teofil. Tungelala njaa."

"Basi tumpige huyu Pettibone."

"Utanyongwa."

"Nitampiga kidogo."

Olidor akacheka. Cheko lile nalijua tangu tukiiba mapera kwa masista. "Umewahi kugundua," akasema, "kwamba kila anachotuibia anakipunguza mwendo?"

Kweli tupu. Wimbo ukitoka kwetu unaruka kamba. Ukifika hotelini unatembea kwa mkongojo.

"Basi tumpe mmoja aupunguze."

Sasa, chama chetu cha kuzikana, Mashahidi wa Yordani, kilikuwa na wimbo wake wa maiti. Ukipigwa, mwanachama anayeusikia, popote alipo, anaacha kazi na kufuata. Haulizi. Hata alichoshika haweki chini. Ukiwa na nyundo, unakwenda na nyundo. Kumngojesha maiti kwetu ni laana. Na wapishi, watumishi, madobi na waendesha magari ya farasi wa majumba yote ya matajiri walikuwa wanachama. Nani angekubali kuzikwa na manispaa?

Pettibone hakuujua wimbo ule. Alikuja kwenye dansi zetu zote, akala hata wali wetu wa maharagwe mekundu. Kwenye misiba yetu hakuwahi kutia mguu.

Jumapili iliyofuata tukaupiga mbio, tumeugeuza ndani nje kama soksi. Wazee wachache walisita, wakajikuna shingo, wakaendelea kucheza. Mtu mwembamba akavunja penseli. Pettibone akaja mbio.

"Huu ni mpya! Wa nini?"

"Wa kukusanya watu, bwana," Olidor akajibu, macho chini, mpole kama padri.

"Nina harusi Jumamosi, binti wa mwenye viwanda vya sukari. Utafaa?"

"Bwana, ukipigwa huu hutaona mtu amekaa."

Hakusema uongo hata herufi moja. Mnishuhudie.

Nje ya bendi hatukumwambia mtu. Jumamosi mchana mimi na Olidor tukasimama nje ya uzio wa jumba lile, tukijifanya tunaangalia farasi. Mahema meupe, maua, wageni wananukia. Bibi harusi akatokea na gauni lenye mkia mrefu, na Pettibone, ili binti asijikanyage, akainua fimbo yake na kuupunguza wimbo mwendo. Akaupunguza tena.

Ukawa ndio wenyewe. Nywele zilinisimama, nami nilijua ni ujanja.

Mtumishi wa kwanza alisimama katikati ya nyasi, sinia la kamba wa kukaanga mkononi. Wa pili akavua kofia. Shangazi Clothilde, mpishi mkuu, akatoka jikoni na upawa wake unachuruzika mchuzi.

"Nani?" akauliza.

"Hatujui, shangazi."

"Atakuwa Mama Zelie. Jana kifua kilikuwa kinakoroma. Ee Mola! Haya, pangeni mstari!"

Olidor akanishika mkono. "Teofil. Wamemuua mama yangu."

"Nyamaza. Umemuua wewe."

Mama wa bibi harusi alikuja mbio, ameshika sketi. "Clothilde! Mnakwenda wapi? Supu je?"

"Msiba haungoji supu, bibi."

Wakaanza kutoka getini kwa ile hatua yetu, mguu unavutwa, unasimama, unavutwa. Wapishi, madobi, waendesha farasi. Vijakazi walikuwa wanalia waziwazi. Pettibone alisikia kilio, akafumba macho, akaupiga ubeti mwingine kwa hisia zaidi. Alidhani anasifiwa! Na mwisho kabisa wa mstari walitokea wanaume wawili walioitwa kuleta keki mezani. Walikuwa wameishika. Ghorofa nne, maua ya sukari juu.

"Keki," Olidor akanong'ona.

"Kanuni ni kanuni," nikasema.

Tukakata vichochoro. Wenzetu wa bendi walikuwa wanangoja uani kwa Mama Zelie na ala zao, kama tulivyopanga. Tulichokuwa hatujapanga ni mazishi. Kabla sijafunga mkanda wa ngoma, mstari ukaingia, kilio hicho.

Mlango ukafunguka. Mama Zelie, kwa mkongojo, kilemba upande.

"Nani kafa?"

"Wewe, mama," Shangazi Clothilde akajibu kabla hajafikiri.

"Mimi? Na mimi sijaambiwa?" Akawatazama mmoja mmoja: upawa, sinia la kamba, nguo za kufua. Akafika kwenye keki. "Na hiyo?"

"Tulikuwa tumeishika, mama."

"Basi maiti anataka kipande. Kile chenye ua. Olidor! Usijifiche nyuma ya ngoma, nakuona. Hii ni kazi yako."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Ungekuwa msiba wa kweli, Teofil angekuwa amechelewa."

Kule kwa mwenye viwanda vya sukari walitaka kuwafukuza wote. Walikumbuka Jumapili asubuhi kwamba nyumba nzima hakuna ajuaye chumvi iko wapi, wakawatumia ujumbe warudi. Pettibone hakurudi tena Treme. Kila mwenye jumba alimwuliza kwanza, "Si ule wa kuondoa wapishi?" na kwa usalama akaambiwa apige nyimbo za kwao. Akapiga za kwao. Watu walilala.

Lakini saa ile alikuwa bado anagombezwa pembeni ya supu iliyopoa, na penseli yake ilikuwa mbali. Kwetu maiti akishazikwa, bendi hugeuka na kuupiga wa furaha. Tukageuka. Olidor akaweka tarumbeta mdomoni, akauanza wimbo wa mamake.

Mama Zelie alisikiliza, sukari kwenye kidevu. Katikati ya wimbo akainua mkongojo.

"Simama. Hiyo ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Umeanza chini mno. Hivyo nisingeuza hata kimoja. Nyumba ya mwisho mtaani haijasikia."

Na mwanamke yule tuliyekuja kumzika akavuta pumzi, kifua kikakoroma, akanadi vitumbua vyake. Sauti ilikuwa imepasuka katikati, lakini ilipanda. Olidor akaifuata pale pale juu ilipokuwa. Nikaipiga ngoma, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na hasira.

Mwisho wa mtaa dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Mzee mmoja akatoa kichwa, sahani mkononi.

"Zelie! Umerudi? Niwekee vinne!"

Mama Zelie akamgeukia mwanawe.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo umepiga."