Kitendawili Kilichobaki Mikaratusini

Floribert, shefu wa maskauti wa parokia yetu, alinikuta uani nachambua maharagwe. Alikuwa na skafu shingoni na karatasi mkononi.

"Maman Eulalie, tunaomba sinyatire yako, jina tu hapa chini. Lydie anataka kuja nasi kambi. Siku tatu tu."

"Kambi wapi?"

"Kule juu, kwenye mikaratusi, njia ya Kabare."

Ungo ulitaka kunitoka magotini.

"Floribert, hapa Nyawera vitanda viko. Ni nini inatoa mutu kwenye kitanda chake, inamupeleka kulala na siafu?"

Akacheka. "Watoto wajifunze kuwasha moto, Maman. Wasikie ndege. Wanasema vita imeisha, acha wasahau kidogo."

"Sisi tulilala mule siku tisa. Hatukuwa na skafu, na hakuna mutu alitupigia makofi."

Cheko likamwisha. Aliniachia karatasi, nikaisukuma chini ya ungo bila kuandika kitu.

Mwaka wa tisini na sita, risasi zilipoingia mjini, tulipanda kilimani kwenye mikaratusi ile watu watatu: mimi, binti yangu Bintu, na mtoto wake Lydie, ambaye alikuwa na miaka minane. Tulishuka wawili. Bintu alikwenda kuchota maji, hakurudi. Yu hai au amekufa, mpaka leo hii, miaka saba, sijui. Sasa nimpeleke na huyu?

Jioni Lydie hakugusa ugali.

"Koko, nitaenda hata usipoandika."

"Uende kutafuta nini? Ndege? Si hawa hapa wanatumalizia mtama!"

"Sitafute ndege. Naenda kukujibu."

"Kunijibu nini?"

"Haukumbuke?" Akaweka mikono chini ya mapaja, kama alivyofanya alipokuwa mdogo. "Ulinitega kitendawili, mule. Nikashindwa. Ukasema, lipa."

Katika mchezo wetu, anayeshindwa hutoa kitu kwa mdomo: ng'ombe, kilima, mji mzima. Anayetega anasema, nimechukua, halafu anatoa jibu. Ni maneno ya kuchekesha tu. Kule msituni nilikuwa namtega kuanzia asubuhi, ili asilie, askari wasitusikie. Alishanipa Minova, Ibanda na ziwa lote na sambaza, visamaki vyake.

"Siku ile nilikuwa sina tena kitu ya kukupa," Lydie akasema. "Nikakuambia, chukua mama. Ukasema, nimemuchukua. Mama akacheka, akabeba bidoni ya maji, akaenda. Na jibu haukunipa."

Sikukumbuka. Mimi, ambaye watoto wa mtaa huu wote wamejifunza vitendawili mdomoni mwangu, sikukumbuka hata neno moja. Na mtoto amelibeba miaka saba, anakula nalo, anakwenda nalo shuleni.

"Jibu unalo?"

"Ninalo."

"Basi nijibu hapa hapa, tumalize."

"Hapa jikoni mama atanisikia wapi?"

Nikaitoa ile karatasi chini ya ungo. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, kama nilivyofundishwa darasa la tano, kisha nikaongeza chini yake: na mimi nakuja.

Kambini wale watoto walijenga mahema kwa mashitingi, maturubai ya bluu, yale yale ya wakimbizi. Walikuwa wakiimba, wakirushiana majivu. Mmoja alilia kwamba hema lake linanuka mbuzi. Niliwatazama nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kuja humu kwa furaha, kwa sababu anajua siku ya kurudi.

Kabla jua halijazama, Lydie alinishika mkono, akanipeleka kwenye mkaratusi wenye mashina mawili. Niliutambua kabla hajasimama. Chini yake palikuwa pakavu.

"Nitege, Koko. Kilikuwa hivi: watu wengi wamesimama."

Kikanirudia. "Watu wengi wamesimama. Mvua inawanyeshea, hawakimbii. Risasi inalia, hawalali chini."

"Miti," alisema.

Ilikuwa imetuzunguka, kama siku ile.

"Umepata."

"Basi murudishe."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama kijia cha kushukia kwenye chemchemi, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nikaona kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano anangoja kweli.

"Lydie. Hukumutoa mama yako wewe. Miye ndio nilimutuma. Koo ilikuwa imenikauka, nikamwambia, Bintu, maji, hata kidogo. Akasema, mama, tungoje giza. Nikajikohoza. Nilijikohoza makusudi, ili aende."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata padri katika kitubio.

Aliniangalia kama mtu niliyekutana naye sokoni. Halafu akaondoka, akashuka kule kwenye moto na wenzake. Nikabaki na mashina yale mawili. Filimbi ya Floribert ililia, watoto wakapanga mstari, wakahesabiwa. Nilimsikia akijibu jina lake.

Aliporudi alikuwa ameshika kikombe cha bati. Hakunipa mkononi. Alikiweka chini, kati yangu na yeye, akakaa upande wa pili, magoti kifuani.

Kilikuwa na maji. Ile kupanda ilikuwa imenikausha, lakini sikunyoosha mkono. Tulikaa hivyo mpaka sikuona tena uso wake.

"Kunywa, Koko," akasema.