Mrija wa Zulma

Katika kazi ya ustawi wa jamii kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, miguu huchoka kwanza, moyo hufuata. Nélida alikuwa amechoka kote kote alipobisha hodi kwa Zulma, pembezoni mwa mji wa Rosario, Argentina, baridi ya Juni ikiuma. Nyuma yake alisimama Anselmo, kaka yake Zulma, katika koti la kupewa.

Anselmo alikuwa amepata nafuu kadiri alivyoweza. Dawa alikunywa bila kusukumwa, na zile sauti zilizomtesa zilikuwa zimebaki minong'ono. Lakini wodi yao ilikuwa inafungwa. Dada yake asipomchukua, angepelekwa kwenye makao ya mbali, kule kaskazini. Nélida alikuwa amewapeleka wengi huko, na hakuna aliyewahi kurudi.

"Kaa, kaka," Zulma alisema. "Umenenepa."

"Wali wa hospitali."

"Wali gani huo? Sema unakula na wa wenzako."

Anselmo akacheka kidogo. Zulma hakucheka. Alimgeukia Nélida. "Mama, mimi simchukii. Lakini siku ile alivunja kila sahani ya marehemu mama. Mvi hizi ni za kumwogopa yeye."

"Najua, dada. Hakuna anayekulazimisha."

Maneno hayo Nélida alikuwa ameyasema katika nyumba nyingi mno, hata hayakuwa na ladha tena kinywani. Zulma alipoanza kutengeneza mate, kile kinywaji chao cha majani machungu kinachonyonywa kutoka kibuyuni, yeye aliacha kusikiliza, akatazama mikono. Ndugu wa mgonjwa husema lolote mbele ya afisa, lakini mate hunywewa na wote kwa mrija mmoja, na hapo ndipo ukweli hujitokeza.

Mwenye kuandaa hunywa mjazo wa kwanza, kwa kuwa ndio mchungu zaidi. Zulma akanywa, akajaza maji ya moto, akampa Nélida. Kibuyu kikarudi. Akajaza tena, akampa kaka yake. Anselmo alinyonya taratibu hadi mrija ukakoroma, akarudisha. Zulma akautazama mrija kwa muda. Kisha akainuka, akaingia jikoni na kibuyu chake, na maji ya bomba yakasikika.

Anauosha, Nélida aliwaza. Hata hasira hakuwa nayo. Alikuwa amekwisha kuliona hilo kwingine, na siku zote maana yake ilikuwa moja.

"Vaa koti, Anselmo," alisema kwa upole. "Twende zetu."

Anselmo alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama mtu aliyezoea kuondolewa mahali, na jambo hilo lilimuuma Nélida kuliko yote.

Zulma akatokea na kibuyu kimejaa majani mapya. Akawatazama walivyosimama.

"Mnakwenda wapi? Majani yalikuwa yamechuja. Nampaje kaka yangu maji matupu?"

Akanywa mjazo ule wa kwanza mchungu, akakunja uso, akajaza tena. Hakuufuta mrija.

"Shika. Na usiumalize mkebe wangu wa majani kama ulivyomaliza wa mama. Humu tutagawana."

Anselmo akaketi, akanywa akiwa ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa. Nélida naye akaketi. Aliona aibu, akaona furaha, na kwa jinsi alivyochoka, machozi hayakumpa hata nafasi ya kuyazuia.

"Vua koti, kaka," Zulma alisema. "Uko kwenu."