Mchanga Ndani ya Uzio

Siku Justina alipoingia kwenye kituo cha pampu na tranka lake la bati, Keraryo alijua ametumwa. Nani kamtuma, hakujua bado. Lakini msichana wa chuo kikuu hatoki Dar es Salaam, akalala njiani siku tatu, kuja kutazama injini kuukuu ya Musoma kwa mapenzi tu.

Ulikuwa mwaka themanini na nane. Maduka yalikuwa yameanza tena kuwa na sabuni na sukari, mitumba imetandazwa sokoni, lakini maofisini watu walinong'ona kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Keraryo alikuwa ametimiza miaka kumi na saba pale. Kituo chenyewe kilikuwa banda la matofali ufukweni, injini moja ya dizeli na pampu moja, limezungushiwa uzio wa seng'enge. Kazi yake ilikuwa kuvuta maji ziwani na kuyasukuma mpaka kwenye tangi la mlimani, ili watu wa mtaa wa Mwisenge wapate maji bombani.

Zamani tangi lilijaa kwa saa tano. Sasa saa tisa zilipita bado halijajaa, na dizeli ya siku mbili ilikwisha kwa siku moja. Mtaani walishapata jibu. Penina, jirani yake aliyeuza dagaa, hakumsengenya. Alimwuliza mbele ya foleni nzima ya ndoo:

"Baba Bhoke, dizeli yetu siku hizi inanywewaga na nani?"

Watu wakacheka. Keraryo akapita. Hakuwahi kuuza hata kikombe kimoja, na ndilo lililomuuma.

Kwa hiyo Justina aliposema amekuja kufanya utafiti wa nishati, kujua ni nguvu kiasi gani inatumika kupandisha pipa moja la maji mlimani, Keraryo alitafsiri moyoni: amekuja kumkamata mwizi wa dizeli.

Justina alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alipima dizeli kabla haijamiminwa, akapima tena iliyobaki. Alitazama saa, alitazama geji, akaandika kwenye daftari kwa Kiingereza. Keraryo akijaza tangi la injini, kalamu inatembea. Akienda kujisaidia, akirudi anahisi kalamu imetembea pia.

"Mzee Keraryo," alimwuliza siku ya tatu, "kipimo hiki cha dizeli unakijazaga mwenyewe kila siku?"

"Nani mwingine atakijaza?"

"Nauliza tu."

Siku hiyohiyo alitoka nje akasimama mbele ya kilima cha mchanga kilichokuwa ndani ya uzio, kando ya ukingo wa ziwa, kirefu kupita kimo cha mtu. "Na huu ni wa nani?"

"Wa mradi," Keraryo alijibu haraka. "Wa ukarabati."

Justina alimtazama kidogo, kisha akaandika.

Haukuwa wa mradi. Ulikuwa wa Machage, rafiki yake waliyesoma naye darasa moja Butiama, ambaye sasa alikuwa na lori la Bedford na zabuni za kuwauzia mchanga waliokuwa wakijenga maduka mapya mjini. Ukiacha mchanga barabarani, ukiamka asubuhi nusu imekwenda na makarai ya watu. Ndani ya uzio wa serikali nani ataugusa? Machage alimletea Keraryo mabati kumi na mawili, mapya, yanawaka jua, wakati ambapo bati lilikuwa jambo la kuombewa kibali. Mkewe Wankyo aliyapokea kwa vigelegele. Keraryo hakuona ubaya. Mchanga haunywi dizeli.

Wiki ya pili Justina akaanza kukusanya mchanga. Alifungua koki ndogo kwenye bomba, akakinga maji kwenye ndoo, akasubiri yatulie. Ule uliotua chini aliukausha juani, akauchekecha kwa chekecheo laini za shaba, akautia kwenye chupa zilizoandikwa namba, na chupa akazipanga ndani ya tranka. Mara nyingine alikaa kizingitini, akamimina mchanga mkavu taratibu juu ya sahani mpaka ukafanya kichuguu, kisha akauwekea kipimapembe cha watoto wa shule ubavuni, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

Keraryo alimsimulia Machage. Machage hakucheka.

"Huyo si mambo ya dizeli," alisema. "Huyo anatafuta dhahabu. Mgodi wa Buhemba ulianzaga hivyohivyo, mzungu na chupa zake. Wakiikuta, wewe utafukuzwa na kituo kitauzwa. Siku hizi kila kitu ruksa."

"Dhahabu ndani ya bomba?"

"Wewe unajuaje? Umeangalia?"

Neno hilo lilimkaa. Usiku hakulala vizuri. Kila akifumba macho aliona zile chupa. Ijumaa, Justina alipokwenda posta, Keraryo aliinua kifuniko cha tranka. Halikufungwa kwa kufuli. Alichukua chupa yenye namba saba kwa sababu ndani yake palikuwa na vitu vinavyometa, akaitia mfukoni mwa koti. Kesho yake, siku yake ya mapumziko ambayo pampu huzimwa, akapanda basi la Mwanza mpaka Bunda.

Bunda palikuwa na sonara aliyeitwa Hamduni, mzee mnyoofu wa maneno, ndiye aliyemtengenezea Wankyo pete ya ndoa. Duka lake lilitazamana na stendi, mbele yake magunia ya pamba yakisubiri lori. Hamduni alimwaga mchanga kidogo kwenye karatasi nyeusi, akabana jichoni kioo chake cha kukuzia, akausogeza kwa ncha ya sindano.

"Si dhahabu," Hamduni alisema. "Hizi zinazometa ni ulanga, vijiwe vya kung'aa tu visivyo na bei. Watoto wanachezea."

Keraryo hakujua kama amefurahi au amesikitika. "Basi wa nini? Mtu aje toka Dar kukusanya ulanga?"

"Mimi sijui wa nini. Umesema umeutoa wapi?"

"Ziwani. Kwenye bomba la maji."

Hamduni alirudisha kioo jichoni. "Bwana Keraryo, unanitania. Mchanga wa ziwani nauona kila siku, naufanyia kalibu ya kumiminia pete. Mawimbi yameusugua, punje zake mviringo kama ulezi. Huu una kona kama vioo vilivyovunjika. Huu umetoka mtoni majuzi tu. Ungekuwa wangu ningeusugulia chuma."

Keraryo alikunja karatasi, akashukuru, akaondoka akiwa na shaka kubwa kuliko aliyokuja nayo. Msichana anaweka mchanga wa mtoni kwenye chupa, anasema ameutoa bombani. Sasa aliamini amemshika: anatengeneza ushahidi wa uongo.

Basi la kurudi liliharibika kwenye njia panda ya Butiama. Abiria wakashuka, wanawake wakatandika kanga chini. Haikupita nusu saa, Bedford la Machage likatokea kwenye barabara ya vumbi kutoka Butiama, limebeba mchanga hadi juu.

"Panda, ndugu yangu!" Machage alipaza sauti kutoka mbele. Huko mbele kulikuwa na watu wawili tayari, kwa hiyo Keraryo akapanda nyuma, akakaa juu ya mchanga.

Njia nzima ule mchanga haukutulia. Lori likifunga breki, unateremka mbele na kumbeba. Likipanda, unamrudisha nyuma. Alijaribu kuchimbia visigino, vikazama, na kutoka juu ukamiminika mwingine, kimyakimya, ukajaza palepale. Aliteka konzi moja apate kushika kitu. Alipofungua kiganja, kilimeta.

Alitoa chupa mfukoni. Akaiweka karibu na kiganja. Akatazama chupa, akatazama kiganja, mpaka macho yakamwuma. Punje zilezile zenye kona. Ulanga uleule.

Walipofika kituoni Machage akarudisha lori kinyumenyume ndani ya uzio, akamwaga. Keraryo alikuwa ameuona mchanga ukimwagwa pale mara nyingi, lakini safari hii alisimama upande wa ziwa. Mchanga mpya ulishukia juu ya kilima, na juu hapakuongezeka kitu. Ubavu mzima ulianza kutembea kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi, na kule chini, ukingoni, kiasi cha debe mbili kikaporomoka majini bila kelele. Hatua kumi kutoka hapo ndipo ulipo mdomo wa bomba linalovuta maji.

Lori lilipoondoka, Justina alikuwa amesimama mlangoni. Keraryo hakuwa amewahi kumwona amekasirika.

"Chupa namba saba iko wapi?"

Keraryo alifikiria uongo. Alikuwa nao mwingi tayari. Kisha aliutoa mkono mfukoni. "Nimeiiba mimi. Niliipeleka Bunda kwa sonara."

"Kwa sonara?"

"Nilidhani ni dhahabu. Na kabla ya hapo nilidhani umetumwa kunikamata na dizeli."

Justina alichukua chupa, akaikagua kizibo. "Na mimi nilidhani unauza mchanga," alisema. "Nilikuuliza ni wa nani, ukasema wa mradi. Nikaenda ofisini kuuliza, hakuna mradi. Nikasema mzee huyu analijua tatizo na analificha. Sikukwambia ninachokiona kwa sababu niliogopa utaniharibia vipimo."

"Mimi sikulijua."

"Nitaaminije?"

Keraryo alimweleza yote, mabati, Machage, na kiganja chake juu ya lori. Alipomaliza, Justina alikaa kizingitini, akavuta sahani yake, akamimina mchanga mkavu mpaka ukasimama kichuguu.

"Ona. Mchanga una mteremko wake. Ukifika hapo, haukubali tena kupanda. Kijiko kimoja ukiweka juu, chini kinatoka kijiko kimoja." Akaweka, kikatoka. "Kile kilima chako kilishafika zamani. Kila lori likimwaga, ziwa linapokea. Pampu inauvuta pamoja na maji, unakwangua impela, na injini inachoma dizeli nyingi kwa maji machache."

Jioni ile walifungua pampu wote wawili. Keraryo aliitoa impela, lile gurudumu la shaba linalosukuma maji, akalishika kwa mikono miwili. Mapanga yake, ambayo alikumbuka yalivyokuwa manene, yalikuwa yamekuwa membamba kama makali ya kisu, mengine yametoboka. Aliyapitisha kidole moja baada ya jingine. Aliona aibu kubwa kuliko ile ambayo Penina aliwahi kumtia.

Kesho yake alikwenda kwa Machage.

"Toa mchanga wako."

"Niutoe niupeleke wapi? Wateja wangu ni wa mwezi ujao."

"Unaua pampu."

Machage alimtazama kwa jicho la pembeni. "Yule binti amekuingia kichwani. Na mabati yangu je, umeyasahau?"

Keraryo hakubishana. Alirudi nyumbani, akachukua ngazi, akaanza kung'oa bati kwenye jiko la Wankyo. Mkewe alitoka na mwiko mkononi. "Umerogwa?" Alimweleza akiwa juu ya paa. Wankyo aliushusha mwiko, akamwambia, kwa sauti ya mtu asiyesamehe bado, "Hilo la pembeni lina msumari uliopinda. Angalia usikukate." Mabati kumi na mawili yalirudi kwa Machage juu ya mkokoteni. Keraryo akampa siku tatu.

Siku tatu zikapita. Lori likaja, likamwaga mwingine, likaondoka.

Asubuhi ya nne watu walikuwa kwenye foleni ya bomba, na bomba lilikuwa linatoa upepo. Keraryo akaja akasimama mbele yao. "Anayejenga, anayekandika, anayetaka mchanga, aje na ndoo. Uzio uko wazi. Bure."

Hakuna aliyesogea. Penina akakunja uso. "Bure ya nini? Huo mtego, Baba Bhoke. Tukibeba, utatuitia polisi, useme tumeiba na dizeli pia."

"Mimi nitabeba wa kwanza," Keraryo alisema, akachukua karai.

Alibeba makarai manne peke yake, akimwaga nje ya uzio, upande wa barabara. La tano Justina alikuja na ndoo yake ya vipimo. Ndipo mwanamke mmoja akatoka kwenye foleni, akafuata wa pili, na kabla ya saa sita Mwisenge yote ilikuwa imeingia. Ndoo zilizokuja kutafuta maji ziliondoka na mchanga. Kufika alasiri pale mahali palibaki udongo mweusi na alama za miguu.

Machage alimshitaki ofisini, na Keraryo hakukana chochote, wala mabati. Walimwondolea kituo kile, wakampa kisima cha pampu ndogo huko Bunda. Kabla hajaondoka, wavuvi wawili walizama kusafisha mdomo wa bomba, na stoo ikapatikana impela ya zamani isiyochakaa sana. Justina alikaa na saa yake mkononi. Tangi lilijaa kwa saa sita na dakika ishirini, na dizeli ikabaki zaidi ya theluthi. Aliandika, kisha kwa mara ya kwanza akamgeuzia daftari asome mwenyewe.

"Jina lako niandike?" aliuliza. "Kwenye sababu za dizeli kupotea?"

"Andika, mwanangu. Usipoandika watasema nilikuwa nauza."

Jumatatu Keraryo alibeba begi lake kwenda stendi. Penina alikuwa anarudi bombani, ndoo imejaa kichwani, maji yanamdondokea shavuni. Walisalimiana.

"Baba Bhoke, wewe unaondoka, niambie tu ukweli," alisema. "Ile dizeli ilikuwa inaendaga wapi?"

"Ilikuwa inasaga mchanga, mama. Siku nzima ilikuwa inasaga mchanga."

Penina alimtazama, akatengeneza ngata chini ya ndoo kwa mkono mmoja. "Haya," alisema, kama mtu anayempa mgonjwa pole, akaendelea kupanda mlima.