Nyasi Zisizo na Kwato

Kwenye nyanda za Handeni, boma haliswagi ng'ombe kwenda malisho mapya kabla ya kumtanguliza mtu akapakague. Akirudi akasema twende, watu wanakwenda; akisema tubaki, wanabaki, na hakuna wa kumwuliza mara mbili. Mtu huyo kwa miaka mingi alikuwa Lemayian. Vijana aliwafundisha jambo moja kuliko yote: ukikuta nyasi nzuri hazina alama ya kwato, usishangilie, jiulize wenzako wamezikimbilia nini. Pana mbung'o hapo, au pana sumu.

Basi binti yake Nanyori alipopata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo kwenye tawi la chuo kikuu cha umma, nje kidogo ya Korogwe, mzee hakusema hongera. Alisema, "Ngoja kwanza nikapaangalie."

Loo! Alichokikuta kilimvunja moyo. Majengo yalikuwa ya kambi ya zamani ya mkonge, rangi imebanduka, mabati yameshika kutu. Uwanja mzima hauna jani, vumbi jekundu tupu lililokatwakatwa na vijia vya wanafunzi. Nyuma ya darasa moja wamefungwa ng'ombe wagonjwa, wanakoroma. "Hiki ni chuo au josho?" alijisemea, akageuza.

Karibu na stendi akakipita chuo cha mtu binafsi. Vigae vinang'aa, waridi mlangoni, na nyasi, jamani, nyasi! Kijani, laini, hazina hata unyayo wa mtu. Dada wa mapokezi alimkaribisha kwa soda baridi, akamhakikishia kozi ya mifugo ipo. Lemayian alizitazama zile nyasi mpaka soda ikapoteza ubaridi wake. Waswahili walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini yeye mkakasi aliujulia wapi?

Nyumbani akatoa neno lake. "Kule kwa serikali ni jangwa. Utasoma hiki cha mjini."

"Baba, lakini walimu wa kule..."

"Nimepaona kwa macho yangu."

Yakaisha. Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ilipita Nanyori akiwa na simu mkononi, na hakubonyeza kitu. Mnadani, baba yake akawa haongei lingine ila vigae.

Mwaka haukuisha, chuo cha waridi kikafungwa. Kozi haikuwa na kibali, na hapakuwa na hata mbuzi wa kufundishia. Nanyori akarudi bomani na sanduku lake, akamwinamia baba yake kichwa amguse, kama ilivyo desturi, wala hakulalamika. Afadhali angelalamika! Kila Lemayian alipomwona anakamua au anachota maji, chai yake aliiweka chini.

Kisha wakaja wanafunzi wa chuo cha umma kuchanja ndama. Mmoja wao alikuwa Mashavu, binti wa Kizigua aliyekaa dawati moja na Nanyori sekondari. Sasa ana koti jeupe na mabuti. Mashavu akawa anapiga sindano, Nanyori anamshikia ndama.

Walipopumzika, Lemayian akauliza, "Mwanangu, pale kwenu mbona hapaoti hata jani?"

Mashavu akacheka. "Litaota saa ngapi, mzee? Tunapakanyaga tangu alfajiri. Na wafugaji mpaka wa Makuyuni wanatuletea ng'ombe wao. Watu hawakatiki pale."

Mzee akainamisha uso. Aliona aibu mbele ya watoto hawa wawili, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Pale palipokanyagwa ndipo palipokuwa na maji, jambo ambalo hata mtoto wa boma lake analijua.

Jioni ile Nanyori alimfuata zizini. "Baba, nikuulize kitu?" Akasita, maana mkaguzi haulizwi. "Zile nyasi za chuo cha mjini. Zilikuwa na kwato?"

Lemayian alitafuta pa kuweka macho. "Hazikuwa nazo."

"Na uliona?"

"Niliona, mwanangu. Lakini nilitaka watu wasikie unasoma penye vigae. Nimekukosea."

Nanyori akafunga mlango wa zizi kwa miiba. "Udahili umefunguliwa tena," akasema mwishowe. "Kesho nakwenda Korogwe."

"Tutakwenda wote. Nitakutangulia nikaone..."

"Hapana, baba." Hakupandisha sauti. "Safari hii nitakagua mwenyewe. Wewe nisaidie kuchunga ndama."

Kuchunga ndama ni kazi ya watoto, na kila mtu kwenye nyanda zile anajua. Asubuhi majirani walimwona Lemayian, mkaguzi wa malisho, akiwafuata ndama taratibu pembeni mwa boma. Walipomwuliza kulikoni, alisema binti yake amekwenda kukagua malisho, na yeye anasubiri neno lake.