Marudio ya Alsione

Kwaresima ilikuwa imeingia London, na Kwaresima ikiingia, michezo ya jukwaani hupigwa marufuku. Kinachoruhusiwa ni kuimba tu: mwimbaji anasimama wima na kitabu chake mkononi, hatembei, haigizi, halii. Kwa hiyo hata Alsione, yule malkia wa Wagiriki wa kale aliyemngoja mume aliyekwisha kufa maji, angeimbwa na mwanamke aliyekazwa pale kama mshumaa.

Mwanamke huyo alikuwa Tamsin Pellow, na mume wake mwenyewe alikuwa amekufa maji. Baharia mmoja alimwambia juzi barabarani, kofia mkononi. Tamsin hakumwambia mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa bado akinyoosha mashati ya mwanawe kwa pasi, na Tamsin, hodari wa kila kitu, akawa mwoga wa sentensi moja.

"Usije ukaniaibisha leo," bibi alimtania mlangoni. "Pale mwisho unapoipandisha sauti mpaka darini, nimewaambia majirani wakae tayari."

"Utakuwa umeshalala, Mama."

"Nilale mimi! Miezi yote hii nausikia ukutani. Wimbo huo naujua kukushinda!"

Tamsin akacheka, akajiambia atasema wakiisha kurudi nyumbani.

Ukumbini, fidla zikaanza polepole. Bwana mnene aliyeimba mungu wa Usingizi akaachia sauti yake nzito, vuguvugu, na ukumbi ukayeyuka. Tamsin aliona maji yakipanda kati ya viti na watu wametulia humo humo, nywele zao za bandia zikielea. Mumewe akapita katikati yao, shati limenyooka, akitafuta pa kukaa. Hakuogopa. Alitamani tu asiamke.

Zamu yake ikafika. Kwanza Alsione anausihi upepo umrudishie mumewe. Kisha ndoto inamjia kwa sura ya mume huyo na kumwambia amekufa. Halafu, ndiyo desturi ya nyimbo hizo, mwimbaji anarudi mwanzo kwa maneno yale yale, ila sasa anayatia madoido yake mwenyewe, na watu huja kwa ajili ya madoido hayo.

Tamsin alirudi mwanzo. *Upepo, nirudishie.* Koo lilikuwa zima, madoido yote anayakumbuka, lakini moyo ulikataa kulipamba ombi ambalo jibu lake analijua. Akaliimba tupu, noti kwa noti. Mpiga kinanda akamtolea macho. Kule juu kwenye roshani ya watazamaji bibi, aliyekuwa ameinama mbele akisubiri, akaegemea kiti taratibu.

Watu walipokuwa wakitoka, walikutana kwenye ujia, bibi amejifunga shali.

"Umejua lini?" bibi aliuliza.

"Juzi, Mama."

Bibi akamshika mikono yote miwili.

"Tangu juzi umelia peke yako, mwanangu, na mimi nipo chumba cha pili?"